Zabibu Nyeupe Ndani ya Nyekundu ya Anselmo

Jumatatu, 6 Oktoba

Wote wanaisimulia vibaya. Wote. Asubuhi nimeshuka kutupa taka, yule mama Mnaijeria wa ghorofa ya pili ananipa pole. Pole ya nini? Eti amesikia Jumamosi nililewa dukani kwa Rehema nikamtukana Mhispania mwizi. Nimerudi juu, uji umeungua. Sufuria nimeiloweka. Sasa naandika mwenyewe, maana nikingoja watu wa Tottenham waiseme sawa nitakufa kwanza.

Moja. Sikulewa. Mimi nilewe kwa glasi moja na nusu? Mimi niliyeosha glasi kwenye hoteli kubwa pale mjini mpaka wapishi wakaniita profesa? Kila glasi ilirudi jikoni na tone lake, na kila tone nililionja. Mvinyo wa dunia nzima umepita kwenye ulimi huu. Na kabla ya hapo nilikulia kwenye zabibu, Dodoma, shamba la misheni. Shule niliacha mapema, niliona mwalimu hana jipya. Lakini zabibu nazijua kama mtu anavyojua mbuzi wake. Hata gizani.

Pili. Yeye ndiye alianza.

Ilikuwa hivi. Rehema mwanangu ana duka la mvinyo chini ya daraja la reli. Dogo, ila zuri. Treni ikipita juu, chupa zinasalimiana. Jumamosi aliita watu waje waonje mvinyo mwekundu wa Anselmo. Huyu Anselmo ni mkulima wa Hispania, mzee, tumbo limetangulia kama langu. Kaja na chupa zake mwenyewe kutoka shambani. Akasimama akasema mvinyo huu ni wa zabibu moja, tempranilo, mizabibu ya babu yake. Kwenye lebo wameandika hivyohivyo. Watu wakatikisa vichwa kama wako ibadani.

Sasa, kabla hajasimama, alinikuta pale mlangoni kwenye kiti changu. Akanivua kofia. Ile ya kijivu. Akaivaa yeye, akacheka, mbele za watu. Kwetu mtu akikuvua kofia bila kuomba, huyo kajitangaza mtani. Na mtani ana ruhusa. Anachukua kitu chako, anakutukana, wewe unamrudishia, hakuna wa kukasirika. Wagogo na Wahehe tunaishi hivyo tangu mababu. Rafiki yangu Kihwele ni Mhehe, dereva wa basi mstaafu. Ananitukana tangu siku ya kwanza tuliyokutana. Nikifa ni yeye atakayekuja kufanya vituko msibani kwangu, na wanangu itabidi wacheke. Ni haki yake.

Basi nikaonja. Nikakaa nao mdomoni. Mwanzo sawa, katikati sawa, halafu mwisho kabisa ikapita zabibu nyeupe. Mbio, kama panya anayeingia chini ya kabati. Ile harufu ya tofaa likikatwa. Nikamrudishia mtani wangu utani wake, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanaume: Wewe mwizi mkubwa! Bibi yako alilala na zabibu nyeupe, leo unatuletea mtoto unatuambia mwekundu mtupu! Kihwele akadakia palepale, afungwe huyo mwizi, arudi kwao kwa miguu! Tukacheka. Anselmo naye akacheka, kofia yangu kichwani, hajaelewa hata neno.

Bi Jayshri alielewa.

Bi Jayshri ndiye mama mwenye migahawa kule Neasden. Shughuli yote ile Rehema aliiandaa kwa ajili yake. Mhindi wa Mombasa, kazaliwa Mombasa, Kiswahili chake kinanizidi mimi. Lakini habari za Mgogo na Mhehe hazijui, angezijulia wapi? Yeye kasikia wazee wawili wa duka wanasema mwenye mali ni mwizi na mvinyo umechanganywa kwa siri. Akaweka glasi chini polepole. Akachukua mkoba. Akamuaga Rehema kwa adabu, na ile adabu ndiyo mbaya kuliko matusi.

Hiyo ndiyo hadithi. Ulevi uko wapi hapo?

Jumanne, 7 Oktoba

Rehema hapokei simu. Nimepiga asubuhi. Nimepiga mchana. Inaita mpaka inachoka yenyewe.

Kofia hamna. Anselmo kaondoka nayo mpaka Hispania. Upepo wa leo umeniingia masikioni kama umelipa kodi. Nimevaa ile ya sufu aliyonifumia marehemu mke wangu Damari. Nafanana na chupa yenye kizibo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kwa kinyozi. Nimemkuta Kihwele keshakaa, anahadithia. Kwenye hadithi yake nimeanguka juu ya maboksi! Nimeimba! Yule kinyozi wa Kikongo anacheka mpaka mashine inatetemeka. Nikasema hapana, mwanzo umeuruka, Anselmo ndiye alinivua kofia. Kihwele akasema, kofia ulimvika wewe mwenyewe, Mgogo, niliona kwa macho yangu. Nikamwambia macho ya Mhehe, mla mbwa, yanaona mifupa tu. Watu wakacheka, lakini walimcheka nani sikuelewa.

Halafu akaniambia jambo, kwa sauti ya chini, na Kihwele hana sauti ya chini. Rehema aliacha kazi yake ya ofisini kwa ajili ya lile duka. Hilo nilijua. Nisilolijua ni kwamba duka linapumulia mashine. Bi Jayshri ilikuwa achukue mvinyo wa Anselmo kwa migahawa yake yote. Ndiyo ilikuwa pumzi. Bila hiyo, Rehema anafunga kabla ya Krismasi.

Nimeambiwa na Kihwele. Si na mwanangu. Mbele ya kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani. Nimeanza na Kihwele, ndiye aliye karibu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kila Jumamosi nakaa dukani kwa Rehema. Kiti changu kiko mlangoni, cha mbao, kina mto wa bluu. Mteja akiingia namsimulia kitu. Huyu nampa simba, yule nampa habari ya askofu na punda. Wengine wanarudi kwa ajili ya punda, mvinyo wananunua kwa aibu tu.

Leo nimefika. Juu ya kiti kuna maboksi. Mvinyo wa Anselmo, umepangwa mpaka juu, haujauzwa.

Rehema yuko kwenye kaunta. Akasema hi Baba. Hivyo tu, kama mtu anayesalimia postamani. Nikamwuliza nimsaidie kushusha maboksi? Akasema no thank you, hapo yako sawa. Mimi nikiongea naye Kiswahili yeye hunijibu Kiingereza, tangu utoto, nimezoea. Ila kuna Kiingereza cha mtoto na Kiingereza cha bwana fedha wa kaunsili. Leo alinipa cha kaunsili.

Nikasimama. Mzee wa umri wangu anasimama dukani kwa mwanawe kama anangoja basi. Kaingia mteja, nikaanza habari ya punda. Rehema akamwita mteja upande wa pili.

Nimerudi kwa miguu. Mvua.

Na zabibu nyeupe imo! Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza hilo. Nimekosea au sijakosea? Imo!

Jumapili, 12 Oktoba

Mchungaji kahubiri juu ya ulimi. Katika siku zote zilizopo kachagua leo. Nimehisi shingo za watu zikijizuia kugeuka.

Halafu Komunyo. Juisi ya boksi, ya duka la kona, wamemimina kwenye jagi la fedha. Hiyo nayo inaitwa divai. Hapo hakuna anayeondoka na mkoba wake.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda Neasden. Mwenyewe. Nikawaza, jambo limeharibika kwa mdomo litengenezwe kwa mdomo, na mdomo ninao. Treni ya Victoria mpaka Green Park, nikabadilisha. Nimelipita lile hekalu la Wahindu, jeupe, limechongwa kila mahali kama kuna mtu hakuruhusiwa kupumzika. Mgahawa wa Bi Jayshri uko mbele kidogo.

Mama wa watu kanipokea vizuri. Karibu Mzee, kaa Mzee. Chai ya maziwa yenye tangawizi, kachori za moto. Nikamweleza utani tangu mwanzo. Nikamweleza kofia. Nikamweleza kwamba kwetu neno mwizi, kwa mtu kama yule, ni kama kumwita ndugu. Nikamwambia siku nikifa Kihwele atavaa koti langu na kuiga mwendo wangu mbele ya jeneza. Akacheka! Kweli alicheka, mpaka akafuta jicho kwa ncha ya sari. Nikaona kazi imekwisha. Nikajisifia kimoyomoyo, Ndahani wewe, hata Umoja wa Mataifa walikukosa.

Halafu akasogeza kikombe chake pembeni. Akasema, haya Mzee, utani nimekubali. Sasa niambie bila utani. Imo au haimo?

Hapo ndipo. Ningesema haimo, ilikuwa mchezo tu, basi, ningerudi nyumbani shujaa. Neno moja dogo. Nililishika kabisa. Nikafungua mdomo na ulimi wangu ukasema, imo, naapa kwa kaburi la mama.

Ningefanyaje? Imo!

Akaitikia kidogo kwa kichwa. Akasema mama yake alikuwa na duka la viungo Mombasa. Kila mtu anachanganya, wala si dhambi. Mteja akimwuliza bizari ina nini ndani, mama yake alimtajia vyote. Akasema, mimi sijali kilichochanganywa, Mzee, najali kuambiwa. Rehema hakuniambia.

Akanifungia kachori zilizobaki niende nazo. Nimezila zote kwenye treni, kwa hasira. Nimepata kiungulia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Rehema kaja jioni. Hakuvua koti. Kasimama kati ya meza na friji na hakukaa.

Bi Jayshri kampigia simu. Kamwambia babako kaja, kaapa.

Mwanangu akikasirika Kiingereza chake kinakimbia, nashika mkia tu. Lakini leo nimekielewa chote, naye alihakikisha.

Alijua.

Alijua toka mwanzo! Amekwenda kule kwa Anselmo, ametembea kwenye yale mashamba. Babu yake Anselmo alipanda mchanganyiko, kama walivyopanda wazee wote wa kule. Mizabibu myeupe imesimama katikati ya myekundu, wanaichuma siku moja, inaingia pipa moja, tangu zamani. Na lebo si uongo. Sheria yao inasema zabibu ikiwa themanini na tano katika mia, unaruhusiwa kutaja hiyo peke yake. Iliyobaki, ukipenda utaje, usipopenda kaa kimya. Hakuna mwizi hapo.

Na alikuwa amwambie Bi Jayshri. Siku ileile. Walishapanga na Anselmo. Watu waonje kwanza, waseme ni tamu, halafu Anselmo aanze habari ya babu yake na ile mizabibu myeupe. Ndiyo ilikuwa iwe utamu wenyewe wa siku. Akasema, that was the story, Baba, and you told it first, and you told it as a theft.

Mimi. Kwenye hadithi nzuri namna hiyo. Mimi ndiye niliyeisimulia vibaya.

Nikasema nilikwenda Neasden kukutengenezea. Akasema, did I ask you?

Halafu mlangoni akageuka. Akasema kuna nyekundu nyingine ndani, si nyeupe peke yake. Jina lake hata Anselmo halijui, nyumbani kwao wanaiita ya shangazi. Hiyo hukuisikia, Baba?

Sikuisikia.

Mlango kaufunga polepole. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nina chupa moja ya Anselmo kabatini. Nimeifungua. Nimeonja baada ya chai, nimeonja baada ya ugali, nimeonja na mdomo mtupu. Nyeupe ile pale, naisikia. Ya shangazi siisikii. Ulimi mpumbavu.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda kanisani. Goti. Uongo, goti halina kitu.

Nimefikiri. Mimi kwenda kwa mwanangu na kusema nimekosa siwezi. Nimejaribu mbele ya kioo, uso unagoma. Baba yangu hakumwomba mtu msamaha maisha yake yote, na babu yake vilevile. Lakini kwetu jambo kama hili lina dawa. Baba na mtoto wakiwa hawasemezani, hatumwi ndugu, maana ndugu atachukua upande. Anatumwa mtani. Mtani hana upande, ana matusi tu. Anaingia, anawatukana wote wawili, na hasira inakosa pa kukaa.

Maana yake nimwombe Kihwele. Ningekuwa na chaguo jingine lolote nisingemwomba.

Nimempigia. Kaniacha niseme yote mpaka mwisho, na hilo si kawaida yake. Halafu akasema, Mgogo anajua kuomba kila kitu duniani isipokuwa msamaha. Kacheka peke yake muda mrefu. Nikangoja. Kadai jogoo, tena kutoka kwa yule mchinjaji mzuri. Nimekubali. Kasema na makalio ya jogoo nisiyanyofoe njiani. Nimekubali hilo pia.

Nimechoka kuchekwa.

Jumanne, 21 Oktoba

Kihwele kaenda. Kapitia kwangu kutoka huko, hata kofia hakuvua, anahema. Naandika kama alivyosema, nikipunguza chumvi.

Kaingia dukani mchana, wateja wamo. Hajasalimia. Kaenda moja kwa moja kwenye shelfu, kachukua chupa ya ghali, kaikumbatia kifuani. Kasema kwa sauti, Mzee Ndahani kafa kwa aibu, nimekuja kuchukua urithi wangu, na hiki kiti chake kibovu nitakipasua kuni, na wewe binti nimesikia unauza maji ya zabibu kwa vipofu! Wateja wa Kiingereza wametazama viatu vyao.

Kihwele anasema alishajiandaa kufukuzwa. Mtoto kakulia hapa, alikuja ana meno ya utoto, atajulia wapi utani? Angepiga simu polisi na angekuwa na haki.

Rehema kaweka kalamu chini. Kazunguka kaunta. Kamsogelea. Kamwambia kwa Kiswahili, Kiswahili safi, cha kwetu: Rudisha hiyo chupa, mla mbwa wewe, kabla sijakufungia nje ukabweka na wenzako!

Kihwele kakaa chini. Sakafuni. Kacheka mpaka machozi, anasema na yeye Rehema kacheka, kaegemea kaunta kashika mbavu. Wateja nao wakacheka, bila kujua kwa nini, Waingereza hawapendi kuachwa.

Halafu kamwambia, babako anasema pole. Rehema kaenda mlangoni akaanza kushusha maboksi kutoka kwenye kiti.

Kihwele kaniuliza nani alimfundisha kutukana vile. Nikasema damu. Lakini najua. Miaka yote mimi na Kihwele tukitukanana sebuleni, Rehema yuko mezani na vitabu vyake vya shule, ameinamisha kichwa. Nilidhani anasoma.

Alhamisi, 23 Oktoba

Rehema kaenda Neasden jana. Kaweka Anselmo kwenye simu, uso mzima kwenye kioo, wakamweleza Bi Jayshri kila kitu. Nyeupe, ya shangazi, babu, yote. Kama ilivyopangwa, ila imechelewa na haina glasi mkononi.

Bi Jayshri kakubali. Kidogo. Mgahawa mmoja kwanza, ile mingine ataangalia mwaka mpya. Na kwenye menyu wataandika ni mchanganyiko wa shamba la zamani. Kwa hiyo duka litavuka Krismasi. Labda. Rehema kamwambia Kihwele, labda.

Tena nimesikia kwa Kihwele! Na yeye keshapata hadithi mpya, anaigawa kwa kinyozi kama pipi: baba kachoma nyumba, binti kaizima. Nimelitafuta kosa lake toka asubuhi. Sijaliona. Hilo ndilo linaniudhi.

Na hakuna anayesema kwamba bila ulimi wangu ile nyeupe ingekaa kimya. Ingetajwa hata hivyo, najua. Lakini mtu angesema.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Mapema tu giza limekaa dirishani.

Rehema kaja baada ya kanisa. Kavua koti. Kaleta nyekundu ya Anselmo, glasi katoa kabatini mwenyewe, zile za mama yake.

Nilisema pole. Neno hilohilo tu, limetoka kama jino. Akasema, I know, Baba. Akamimina.

Akaniambia nisimeze haraka. Nyeupe ikishapita, ningoje. Nikangoja. Nyuma yake kabisa, kwa chini, kuna kitu kama majani makavu ya chai. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa. Akasema hata yeye kule shambani ilibidi aonyeshwe.

Tukakaa. Mvua ikinyesha, treni ikipita mbali.

Akasema Anselmo ananisalimu. Ameshukuru sana kwa ile kofia niliyompa. Anaivaa shambani kila siku, amewaambia wote ni zawadi kutoka kwa mzee wa Afrika. Halafu akanitazama. Nikasema wazee wanasahau. Akasema mm. Akaniongezea kidogo.

Kaondoka kabla ya basi kuwa tabu. Jumamosi kiti kipo, kasema. Glasi nimeziosha, moja baada ya nyingine, kama zamani.

Haya. Kofia. Hakunivua. Nilivua mwenyewe nikamvika, kwa furaha, nilimpenda nilivyomwona tu. Mimi ndiye nilianza. Hiyo nimeichanganya mwenyewe. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa, na hata ile sheria yao ya themanini na tano katika mia ingeniruhusu.